Mlengwa na Mhanga: Tashtiti na Mwanamke katika Tungo za Okot p'Bitek

Tashtiti haiwezi kuwapo pasipo kipimo. Mtunzi anapomdhihaki mhusika kwa upotovu wake, hudokeza papo hapo jinsi mhusika huyo alivyopaswa kuwa. Kwa mintarafu ya jinsia, kipimo hicho ndicho kinachostahili kuchunguzwa, kwani dhihaka yaweza kubomoa dhuluma moja huku ikiimarisha nyingine. Makala haya yanadai kwamba hivyo ndivyo ilivyo katika Song of Lawino (1966), utungo wa Okot p'Bitek wa Uganda ambao toleo lake la Kiacholi, Wer pa Lawino, lilichapishwa mwaka wa 1969. Mlengwa wa dhihaka ni mwanamume; mhanga wake ni mwanamke.

Mlengwa wa dhahiri ni Ocol, msomi anayemdharau mkewe Lawino kwa kuwa hakusoma. Lawino anaigeuza dharau hiyo dhidi ya mwenyewe. Ujinga anaosingiziwa unabainika kuwa maarifa ya namna nyingine: kila chakula kina jiko lake, na mtoto hunyonyeshwa anapoona njaa, si saa inapofika. Jikoni na malezini, mahali alikotengwa, ndiko anakomhukumia mume. Wala hakomei hapo. Anawauliza walimu wa dini maswali wasiyopenda kuulizwa, na anavikejeli vyama vya siasa vilivyomfarakanisha Ocol na ndugu yake. Wanaomwona Lawino kuwa mke mwenye wivu tu wanampunja.

Hata hivyo, silaha anazotumia hazina budi kukaguliwa. Clementine, anayeshirikiana naye mume, anadhihakiwa kwanza kwa kuiga Uzungu: midomo iliyopakwa rangi, poda, mwili uliokondeshwa. Hapa shabaha ni utumwa wa kifikra, na kicheko ni halali. Lakini dhihaka haichelewi kuhama. Inageukia umri wa Clementine, matiti yaliyonyauka, na shuku kwamba huenda alitoa mimba. Kosa si tena kuiga wageni. Kosa ni kutozaa na kuzeeka. Kipimo kilichofichika sasa ki wazi: mwanamke ni ujana na uzazi. Ni kweli kwamba Lawino anakiri kuwa na wivu kidogo, na kukiri huko kunamtahadharisha msomaji asiichukue kauli yake kama msimamo wa mtunzi. Lakini Clementine hapewi hata neno moja la kujitetea, na kimya hicho ni uamuzi wa mtunzi, si wa Lawino.

Kipimo hicho hicho kinamhusu mwanamume pia. Katika mojawapo ya taswira zinazokumbukwa mno, vitabu vya darasani vimewaponda vijana wa kiume sehemu zao za siri. Elimu ya kikoloni inashutumiwa kwa kuwahasi wanaume. Yale iliyowatendea wasichana hayapewi taswira yenye uzito kama huo. Ndiyo maana wimbo unahitimishwa kwa dawa ya kumrudishia Ocol nguvu zake, na kwa ombi la Lawino aruhusiwe kucheza ngoma mbele yake. Aliyekuwa hakimu anarejea kuwa mwombaji.

Kinaya kikubwa zaidi kimo katika Song of Ocol (1970). Akiwa amejaa kiburi, Ocol anaorodhesha kazi za mwanamke wa Kiafrika: kufagia, kukandika, kupika, kulima, kujenga, kubeba. Kisha anamfananisha na vyombo na wanyama wa kuchukulia mizigo. Orodha ni ya kweli, nayo hausikiki mzigo huo ukilalamikiwa katika wimbo wa Lawino. Ila imewekwa kinywani mwa mtu ambaye msomaji amekwisha kufundishwa kumcheka, na ambaye haitoi kwa huruma bali kwa kinyaa. Msomaji anapomkataa Ocol, ni rahisi kuikataa na orodha yake. Hivyo anayetetea mila hautaji mzigo, na anayeutaja hana nia ya kuutua. Vita vya fahali wawili, waswahili wamekwisha sema, maumivu ni ya nyasi.

Haielekei kwamba Okot hakuliona tatizo hili. Katika Song of Malaya (1971), utungo wenye neno la Kiswahili katika anwani yake, nafsineni ni mwanamke ambaye jamii humlaani mchana na kumtafuta usiku. Wanaodhihakiwa sasa ni wanaume wanaojifanya waadilifu, na mwili wa mwanamke si tena silaha ya kumpigia mwanamke mwingine. Kile alichonyimwa Clementine, yaani sauti, kimetolewa kwa aliyedharauliwa zaidi yake.

Kwa hivyo, haitoshi mhakiki kuuliza tashtiti inamcheka nani. Sharti aulize pia inamcheka kwa kutumia mwili wa nani. Song of Lawino inabaki kuwa utetezi mkuu wa utu wa Mwafrika aliyedharauliwa. Lakini kuifundisha kana kwamba ni utetezi wa mwanamke kwa jumla ni kumsahau Clementine, aliyelipa gharama ya kicheko hicho.