Pipeti na Mkono Unaoishika
Miongoni mwa vifaa vya maabara vinavyostahili sifa kuliko vinavyopewa, pipeti ya pistoni, yaani kifaa cha mkononi kinachovuta na kutoa kimiminika kwa kipimo cha maikrolita, ambayo ni sehemu moja kati ya milioni za lita, ina nafasi ya kwanza. Kabla yake wapimaji walifyonza kemikali, damu na hata vimelea vya maradhi kwa mdomo kupitia mrija wa kioo, na ni ajabu kwamba desturi hiyo ya hatari ilivumiliwa miaka mingi. Mwaka 1957 Heinrich Schnitger, mtafiti wa Marburg, Ujerumani, alibuni pipeti ya pistoni yenye springi na ncha ya plastiki inayobadilishwa, akaacha hewa kidogo katikati ili sampuli isiiguse pistoni.

Hata hivyo, kifaa hicho hakifui dafu bila mkono uliozoea. Mtaalamu hodari huishika pipeti wima, huchovya ncha milimita chache tu, huachia kitufe polepole ili viputo vya hewa visiingie, na wakati wa kutoa huigusisha ncha kwenye ukuta wa kichupa, kisha hubonyeza hadi kituo cha pili, kinachofukuza tone la mwisho. Usahihi huhakikiwa kwa mizani, kwani maikrolita moja ya maji ina uzito wa takriban miligramu moja. Na kwa kuwa tone dogo hukauka upesi, chumba cha upimaji huwekewa unyevu na kazi hufanywa bila kuchelewa.