Uhakiki wa Uteuzi wa Modeli za Takwimu katika Majaribio ya Dawa za Alzheimer

Kwa miaka mingi, majaribio ya dawa za demensia yaliziba pengo la washiriki waliojitoa kwa kurudia alama yao ya mwisho hadi siku ya kufunga jaribio. Katika ugonjwa unaozidi kadiri muda unavyokwenda, njia hiyo ina kasoro kubwa: mgonjwa aliyeondoka mwezi wa sita huhesabiwa kana kwamba hali yake haikushuka tena. Dawa yenye madhara makali, inayowakimbiza wagonjwa mapema, huweza kuonekana inalinda kumbukumbu kwa sababu hiyo tu.

Modeli mseto ya vipimo vya kurudiwa, iliyochukua nafasi yake, haimgandishi mgonjwa. Hutumia vipimo vyote vilivyopatikana, wala hailazimishi hali ishuke kwa mstari ulionyooka. Ndiyo iliyotumika katika jaribio la lecanemab, lenye washiriki 1,795, lililochapishwa rasmi mwaka 2023. Baada ya miezi 18, alama za kipimo cha CDR-SB, ambacho upeo wake ni 18 na alama kubwa ni dalili ya hali mbaya zaidi, ziliongezeka kwa 1.21 kwa waliopewa dawa na 1.66 kwa waliopewa dawa tupu. Tofauti hiyo ya 0.45 ndiyo iliyotangazwa kuwa asilimia 27, tarakimu ambayo familia ya mgonjwa inaweza kuielewa kwa namna nyingine kabisa.

Hata hivyo, modeli hiyo imeaminiwa kupita kiasi. Msingi wake ni dhana kwamba aliyejitoa angeendelea sawa na waliobaki wenye historia inayofanana na yake. Katika demensia dhana hiyo ina mashaka, kwani anayeacha kuja huenda ndiye aliyezidiwa, au mlezi wake amechoka. Data zilizokusanywa haziwezi kuithibitisha wala kuikanusha. Kinachowezekana ni kudhani kwa makusudi kuwa waliojitoa walishuka zaidi, kisha kupima matokeo yanasimama hadi wapi. Uchambuzi huo, kwa bahati mbaya, mara nyingi husukumwa kwenye viambatisho.

Jaribio la donanemab, la mwaka huohuo, lilitumia kipimo kikuu kingine, iADRS, na modeli ya mkunjo laini wa wakati. Mkunjo huongeza uwezo wa kugundua tofauti iwapo ugonjwa kweli hushuka kwa ulaini. Iwapo athari ya dawa huja ghafla na kufifia, huificha. Kwa hiyo, anayezilinganisha dawa hizo kwa asilimia zake analinganisha pia vipimo viwili na modeli mbili.