Winning Eleven hadi eFootball: tumepewa gemu ya bure, tukanyang'anywa kalamu

Kama ulikulia Musoma, Bunda au Butiama miaka ya 2000, na ukatumwa dukani ukabakiwa na chenji ya shilingi 200, unajua chenji hiyo iliishia wapi. Kibanda cha gemu. TV ya chogo, PlayStation 2 iliyoachwa wazi ili isichemke, pedi mbili zenye waya uliofungwa solotepu, na benchi la mbao. Aliyefungwa anaachia pedi. Hakuna rufaa.

Leo nataka tuipitie gemu ile tena, lakini siyo kwa kumbukumbu tamu tu. Swali langu ni moja: miaka yote hii imekua, au imenenepa tu?

Kampuni ya Konami ya Japani ilianza kutoa Winning Eleven mwaka 1995. Kuanzia 2001, matoleo ya Ulaya yakaitwa Pro Evolution Soccer, yaani PES. Vibandani kwetu majina yote yalipita, ila wengi tulisema "Winning" tu.

Chukua PES 6 ya mwaka 2006, ambayo kwangu ndiyo kilele. Konami hawakuwa na haki za timu nyingi za Uingereza, kwa hiyo Chelsea iliitwa "London FC" na Liverpool ikaitwa "Merseyside Red". Kasoro kubwa, sivyo? Lakini ndani ya diski ileile kulikuwa na sehemu ya kuhariri. Unaingia, unabadilisha jina la timu, jezi, nywele za mchezaji, na hata uwezo wake.

Hapo ndipo nilipopata somo langu la kwanza la data, miaka mingi kabla ya kusikia neno hilo darasani. Mchezaji wa gemu ni orodha ya namba: kasi, pasi, nguvu, shuti. Adriano wa Inter alikuwa na nguvu ya shuti 99, na ndiyo maana vibanda vingine vilikataza kumtumia. Ukishusha namba ile, Adriano anageuka mtu wa kawaida. Ukiigusa namba, unaona matokeo yake uwanjani dakika hiyohiyo. Huo ni uigaji, kitu kilekile wanachofanya wataalamu wanapokadiria kina cha ziwa au kuenea kwa ugonjwa: weka namba, endesha mfano, linganisha na hali halisi.

Mwaka 2018 Biashara United ya Musoma ilipopanda Ligi Kuu, nilikuwa likizo. Kwenye kibanda kimoja Bunda nikamkuta mwenye kibanda ameitengeneza timu nzima ndani ya PES ya zamani. Majina alikuwa ameyaandika moja moja kwa pedi. Vijana wakabishana kutwa nzima: beki huyu kasi yake ni 70 kweli? Mbona ulimwona Karume amepitwa kirahisi? Kiukweli ule ulikuwa mjadala wa kisayansi. Kila mmoja alitakiwa alete ushahidi wa alichokiona uwanjani.

Sasa tuwe wa haki. Gemu ilisonga mbele. PES 2014 ilikuja na injini mpya iliyoitwa Fox Engine, na miili ya wachezaji ikaanza kugongana kwa namna inayoaminika zaidi. Na mwaka huohuo Konami walikumbuka hata sisi wa PlayStation 2, wakatoa toleo la mwisho kwa mashine ile, miaka 13 baada ya kuzinduliwa kwake. Hilo nawapa heko.

Kisha ikaja tarehe 30 Septemba 2021. Jina PES likazikwa, ikazinduliwa eFootball, na ikawa ya bure. Nyuso za wachezaji zilitoka za ajabu mpaka dunia nzima ikacheka, na Konami wakaomba radhi. Nyuso zilirekebishwa baadaye. Mimi kinachonikera ni kingine. Siku ile, watu wawili waliokaa benchi moja bila intaneti walikuwa na timu tisa tu za kuchagua. Sehemu ya kuhariri, ile kalamu yetu, haikuwepo.

Badala yake kuna droo. Unatumia sarafu za ndani ya gemu, ambazo unaweza kuzipata kwa kucheza au kuzinunua kwa hela halisi, unachomoa mchezaji kwa bahati. Tufanye hesabu kidogo. Chukulia boksi lina wachezaji 150, watatu tu ndio unaowataka, na aliyetoka harudi. Ukichomoa mara 50 umemaliza theluthi ya boksi, kwa hiyo kichwa kinakwambia "lazima nimpate mmoja". Kwa wastani ni kweli, utapata mmoja. Lakini nafasi ya kutoka mikono mitupu ni karibu asilimia 29. Kwenye kundi la marafiki kumi, tegemea watatu hivi kuambulia patupu. Na wale waliobahatika ndio utakaosikia kelele zao.

Utaniambia: "Lakini sasa kijana wa Butiama anacheza kwenye simu yake, halipi hata senti." Ni kweli, na siyo jambo dogo, benchi la kibanda halikuwa na nafasi kwa kila mtu, na wasichana wengi hawakukaribishwa kabisa. Ila bando likiisha, gemu imeisha. Diski ya 2006 bado inazunguka.

Hukumu yangu basi: mpira umependeza, mlango wa kuingia umekuwa mpana, lakini mchezaji ameshushwa cheo. Zamani namba zilikuwa zako. Ukiona Musoma haimo duniani, uliiweka mwenyewe. Leo namba zinakaa kwa mwenye gemu, nawe unanunua nafasi ya kubahatisha.

Ukipata PES ya zamani, usiishie kucheza. Fungua sehemu ya kuhariri, tengeneza timu ya mtaani kwenu, kisha mwite mtu anayeijua timu hiyo aje abishe namba zako.