Timazi Chini ya Land Cruiser

Gari likinyanyuliwa, kila mtu analiona. Linapita mtaani limetuna kama jogoo, watoto wanalinyooshea vidole. Asiyeonekana ni fundi anayekuja baadaye, anayelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa na kuuliza kila chuma: wewe ulilala vipi zamani, na sasa umelalaje? Huyo ndiye ninayetaka kumsifu, na sifa zenyewe nimezilipia.

Langu ni Land Cruiser pikapu ya mwaka 2001, ekseli nzima mbele na nyuma, koili mbele, springi za mabapa nyuma. Gereji moja ililinyanyua inchi 3 kwa siku moja. Nilifurahi hadi safari ya kwanza ya Karatu. Wakati wa kurudi nilishuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu taratibu, sikuhisi kitu. Kwenye tambarare ya kwenda Makuyuni, lami imenyooka, gari likaanza kujitafutia njia. Ukilirudisha kushoto linapitiliza, ukilirudisha kulia linapitiliza. Likifika kilomita 70 kwa saa sakafu inavuma kama kuna mzinga wa nyuki chini ya kiti. Likigonga shimo, stelingi inageuka yenyewe mkononi.

Mzee niliyeelekezwa kwake ana banda Unga Limited, Arusha.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hili limerefuka lenyewe au limerefushwa?”

Hakusubiri jibu. Alichukua timazi, hii hii ya waashi, akaining'iniza kwenye chesisi upande wa kulia, akapima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu: milimita 52. Upande wa kushoto: 36. Ekseli ya mbele ilikuwa imehama pembeni milimita 8, nami nimeliendesha hivyo mwezi mzima.

Sababu yake ni fimbo moja inayolala mkingamo, ncha moja kwenye chesisi, nyingine kwenye ekseli, kazi yake kuizuia ekseli isiyumbe kulia na kushoto. Wenyewe huiita fimbo ya Panhard, kwa jina la watengeneza magari wa zamani wa Ufaransa. Nyanyua chesisi, na fimbo inasimama zaidi. Ikisimama, inaivuta ekseli upande wake. Dawa ni fimbo inayorefushwa kwa nati. Lakini ile gereji ilikuwa imefanya jambo jingine: ilishusha kishikio cha fimbo hiyo kwenye chesisi, ikaiacha fimbo ndefu ya stelingi ilivyo. Fimbo hizi mbili hutembea pamoja. Zikilala sambamba na urefu ukikaribiana, gurudumu likipanda tuta zinachora tao moja, na dereva hahisi kitu. Zikipishana, kila moja inachora tao lake, na tofauti inakuja kumalizikia kwenye viganja vyako. Lile shimo lililonigeuzia stelingi halikuwa na kosa.

Baada ya hapo alifika kwenye kasta, nami hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Aliyewahi kuachia mikono kwenye baiskeli anaijua kasta hata kama hajawahi kusikia jina lake. Uma wa mbele umelala nyuma kidogo, kwa hiyo tairi linagusa ardhi nyuma ya pale ambapo mstari wa uma ungefika, na linaburutwa kama ng'ombe anayefuata kamba. Likikengeuka, linarudi. Gari nalo lina mlalo huo, nyuzi mbili tatu hivi tangu kiwandani. Ekseli ya mbele ya gari langu imeshikwa na mikono miwili ya chuma inayotoka nyuma, kwenye chesisi. Chesisi ikipanda, mikono inainama mbele, na ekseli inainama nayo. Mkono wa mita moja ukishuka sentimita 5 tu unainama karibu nyuzi 3. Yaani kasta yote imekwisha, na tairi halina tena kinacholiita nyumbani.

Basi irudishe, nilisema. Kuna bushi zilizotobolewa nje ya kitovu zinazoizungusha ekseli nyuma. Si ndiyo kazi yake?

Mzee alinionyesha kwa kidole. Ekseli ni chuma kimoja. Ukizungusha vikonyo vya magurudumu kwenda nyuma ili kupata kasta, shingo ya difu inainama chini pamoja navyo, na propela ya mbele, ambayo tayari imeongezewa mteremko, inapinda zaidi kwenye krosi, yaani kiungo chake. Unachompa mmoja unamnyang'anya mwingine. Wapo wanaokata vikonyo na kuvichomelea upya kwa pembe nyingine. Yeye hakutaka, alisema chuma cha stelingi hakichezewi na welda.

Krosi ni kitu cha zamani sana. Wazungu huihusisha na Cardano wa Italia, karne ya 16, na Hooke wa Uingereza aliyefuata. Nahodha yeyote wa pwani ameiona ndugu yake: dira iliyoning'inizwa ndani ya pete mbili ili jahazi likiyumba yenyewe ibaki imelala. Ila krosi ina hila. Ikipinda, haizungushi sawasawa. Kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Ikipinda nyuzi 20, tofauti hiyo inafika karibu asilimia 6 kila upande. Ndiyo maana propela ina krosi mbili, ya pili ifute makosa ya ya kwanza, na inafuta pale tu pembe mbili zinapolingana.

Hapo ndipo ilipokuwa siri ya mzinga wa nyuki. Nyuma, ile gereji ilikuwa imepachika kabari chini ya springi ili shingo ya difu itazame juu, moja kwa moja kwenye transfa. Kwa macho inapendeza, imenyooka. Kumbe kwa propela ya aina hii, shingo ya difu inatakiwa iwe sambamba na shafti ya kutolea nguvu ya transfa, isiielekee. Mzee aliweka pima maji yenye saa ya nyuzi huku na kule, akacheka kidogo, akazing'oa kabari, akanikabidhi kama mtu anayerudisha meno.

Mbele alichagua. “Propela hii ya mbele inazunguka lini?” Nikasema, nikifunga loki za magurudumu ya mbele kwa mkono na kuingiza 4x4. “Kwenye lami?” Hapana, matopeni, polepole. “Na kasta unaitumia lini?” Kila siku. Akarudisha nyuzi 2, akaiacha propela ya mbele na pembe mbaya kiasi inayovumilika kwa mwendo wa punda. Kisha akaniambia nitoe inchi moja ya urefu. Nilibishana. Nilitoa.

Kishikio alikirudisha kilipokuwa, ekseli akaivuta katikati kwa fimbo ya nati. Hozi za breki alizibadilisha bila maneno. Bolti za bushi zote aliziacha zimelegea, akashusha jeki, akapanda kwenye bampa akalitikisa gari mara kadhaa, ndipo akaingia chini tena kukaza. Bushi ikikazwa gari likiwa hewani, alisema, mpira unaishi umejinyonga.

Jioni alinituma nipite tuta lililo mbele ya banda, polepole, mkono mmoja tu kwenye stelingi, tena uwe wazi. Alichuchumaa pembeni ya njia. Hakuliangalia gari, aliangalia kiganja changu.