Kofia Mbili za Ujiji, na ya Tatu

Tukio la Ujiji la 1871 tumesimuliwa wote shuleni: Stanley anamkuta Livingstone, anatamka ile sentensi yake. Lirudie kwenye kitabu chenyewe, How I Found Livingstone (1872), uone linavyosimama juu ya kofia. Stanley anavua yake. Livingstone anainua kidogo kepu yake ya buluu yenye utepe wa dhahabu uliopauka. Kila mmoja anarudisha ya kwake kichwani, ndipo wanashikana mikono. Ni uandishi mzuri, hilo simnyimi. Hata Susi, mtumishi wa Livingstone, anapewa kilemba chake cha amerikani. Yaani kila kilichokuja kwa meli kina nafasi. Kofia iliyosukwa kwa majani haimo.

Nililiwaza hili Kagunga, mpakani na Burundi, nikimtazama mzee muuza dagaa. Nilimsifia kofia yake.

“Ah, hii ya kizungu hii, mwanangu.”

Akanipa niishike. Ukili mtupu! Ukili ule ule wa mkeka. Majani machanga ya mkindu hukatwa, hukaushwa, huchanwa, husukwa kuwa utepe mrefu, kisha utepe unashonwa ukijizungusha wenyewe. Ukiulaza, una mkeka. Ukiuinamisha, una kawa la kufunikia chakula. Ukiukunjua ukingo nje, una kofia. Kule Pwani usukaji huu ni kazi ya wanawake zaidi, na hapo ndipo ninapoanza kuushuku ukimya wa vitabu.

Jina ndilo linalotuchezea. Chepeo ni neno la Kireno, kama meza na bendera, tulilobaki nalo baada ya Vasco da Gama kufika pwani yetu 1498 na wenzake kumfuata. Mtaani tunasema pama, na sikio linakimbilia Panama. Sasa cheka: kofia ya Panama yenyewe ni ya Ecuador. Ilibeba jina la njia iliyouziwa, na picha ya Rais Roosevelt akiwa ameivaa kwenye ujenzi wa mfereji, 1906, ikalikoleza. Mwaka 2012 UNESCO iliuorodhesha usukaji wake kama urithi wa Ecuador. Na ile haiungwi tepe kwa tepe: nyuzi za toquilla husukwa moja kwa moja kuanzia utosini, na kofia bora hula miezi. Ni ufundi mwingine kabisa. Anayesema yetu ni mtoto wa Panama hajaishika.

Ukingo niko tayari kuwaachia Wareno, neno lao linawashuhudia. Ukili, hapana.

Ila nisimlaumu Stanley peke yake. Sisi wenyewe tunaoandika Kiswahili mara nyingi tunamvisha mvuvi kofia ya majani ili msomaji ajue ni maskini, basi, tunapita. Aliyeisuka hatumwulizi. Mwenye duka la zawadi za watalii anajua bei yake kuliko mwandishi anavyojua jina la mmea wake.

Mimi natamani riwaya ya Ujiji inayoanza na mwanamke aliyetoka mtoni na mzigo wa ukindu. Bunduki za msafara wa Stanley zisikike kwa mbali, watu wakimbilie kuona, yeye abaki barazani akihesabu chane.