Mnazi Mmoja Haurukwi

Saa nne na nusu asubuhi, pale kwenye Sanamu ya Askari, mtembezaji wetu alitoa simu mfukoni akaita Noah mbili. Ziara ilifia hapo. Mliokuwa nasi Jumamosi ile mnajua kilichofuata: dakika arobaini za foleni, madirisha yamefungwa, kisha tukashushwa Msimbazi jua likikaribia utosini na watu wameshachoka kabla ya kuona hata gunia moja la vitunguu.

Ya haki niyaseme, maana yapo. Kivukoni alianza mapema, Boma la Kale alilieleza bila chumvi, na Azania Front hakutusimamisha mpaka miguu ikaota mizizi. Jina lake silitaji. Ni kijana mwenye bidii na sauti nzuri, na ndiyo maana nina uchungu.

Turudi kwenye ile simu. Alipoipiga alikuwa amemaliza kutueleza kwamba sanamu ilizinduliwa 1927, na kwamba kabla yake Wajerumani walikuwa na sanamu ya Wissmann pahala hapohapo. Sahihi. Lakini alimzungumzia askari tu. Wapagazi hakuwagusa, na mnara ule uliwekwa kwa ajili yao pia, watu waliobebeshwa risasi na vyakula vya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, wakafa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Kambi yao hapa mjini ndiyo iliyoacha jina la Kariakoo. Mgeni akilijua hilo akiwa amesimama chini ya Askari, tayari ana sababu ya kwenda Kariakoo, na ana sababu ya kwenda kwa miguu. Kijana alikuwa na uzi mkononi. Akauachia, akafungua mlango wa gari.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema kuna watu wazima, watachoka. Sasa tupime. Kutoka Askari hadi soko kuu haifiki kilomita tatu, na hakuna kilima. Unashika Samora mpaka Mnara wa Saa, ule wa 1961, mwaka mji wetu ulipopewa hadhi ya jiji. Hapo pana maji ya madafu na pahala pa kupumzika. Unaingia Mtaa wa Uhuru, unavuka Bibi Titi, umo Mnazi Mmoja. Unapumzika tena, safari hii chini ya mti. Ukivuka Lumumba umeingia Kariakoo. Asubuhi unatembea jua likiwa mgongoni njia nzima, kwa sababu unaelekea magharibi. Mtu mzima anayetembezwa hivyo kwa saa moja na nusu, akikaa mara mbili, anachoka kidogo kuliko aliyekaa kwenye Noah iliyosimama nyuma ya fuso.

Na kama kweli kuna asiyeweza, mwendokasi tunao tangu 2016, una njia yake na haukai foleni. Unapanda Posta ya Zamani, unashuka Fire, unaingia Msimbazi taratibu. Gari la kukodi ndilo jibu baya kuliko yote kwa safari ile, na nimekuwa nikiliandika hili tangu enzi za daladala za Posta.

Lakini foleni si kosa lenyewe. Kosa ni kuruka Mnazi Mmoja. Katika mpira tungesema amebutua, mpira umepaa juu ya vichwa vya viungo na timu haijacheza. Mnazi Mmoja ndio kiungo wa mji huu. Waingereza waliugawa mji kwa kanda: ya kwanza Uzunguni, ya pili Uhindini, ya tatu Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha uwanja mtupu, kwa kisingizio cha afya, ili pumzi za huku zisifike kule. Watu wa Kariakoo wakauchukua uwanja huohuo wakaufanya wa mikutano ya TANU. Mgeni hawezi kuelewa hilo kwa kuambiwa. Inabidi aache maghorofa nyuma yake, ahisi upepo umefunguka, ageuke atazame alikotoka, kisha atazame mbele aone mitaa iliyonyooka ya Kariakoo ikianza. Ukimpitisha ndani ya gari, Posta na Kariakoo zinakuwa miji miwili isiyojuana, na hivyo ndivyo waliochora ile ramani walivyotaka.

Mzee aliyenifundisha kazi hii, kuli mstaafu wa bandarini aliyekuwa akikaa Gerezani, alikuwa na kanuni moja pale: ukifika katikati ya uwanja, nyamaza. Alikuwa akihesabu pumzi kumi ndipo aseme neno, na la kwanza lilikuwa juu ya Ukumbi wa Arnautoglu. 1953, katika ukumbi ule, Nyerere alichaguliwa rais wa TAA, chama kilichozaa TANU, akimshinda Abdulwahid Sykes. Kisha mzee aliuliza, "Na huyo aliyeshindwa asubuhi yake alikwenda wapi?" Alikwenda kazini. Abdulwahid alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Basi mzee alinyoosha fimbo, na sote tukamfuata kuelekea sokoni kana kwamba tunakwenda kumtafuta. Mwaka uliofuata, 7 Julai 1954, TANU ikaundwa palepale Lumumba, ng'ambo ya uwanja. Makala na kitabu cha Mohamed Said vimeyaeleza haya kwa kirefu, mtaa kwa mtaa, na sioni kwa nini mtu anayelipwa kutembeza wageni asiwe ameyasoma. Watembezaji wa zamani hawakuwa na kipaza sauti wala sare. Walikuwa na mpangilio. Kila kituo kilikuwa kinakusukuma kwenda kinachofuata.

Wetu alipotushusha Msimbazi hakuwa na cha kutusukuma nacho. Maneno yake ya kwanza yakawa, "Shikeni mikoba." Nayo hii nimeipigia kelele miaka mingi. Mwambie mgeni habari ya mkoba kabla hamjaondoka, kwa upole, mara moja. Usimfungulie Kariakoo kwa neno la wizi. Na usimwingize Mtaa wa Congo saa sita kasoro siku ya Jumamosi, kwenye mstari wa watu kumi wanaosimama kila hatua, wakati mikokoteni inapita na makuli wana mzigo wa mtu kichwani. Tuliwazibia watu njia wakiwa kazini. Saa mbili asubuhi machinga ndio wanatandaza, muuza kahawa bado anazunguka na birika lake, na mtu ana nafasi ya kukujibu.

Jengo la soko alilipa dakika mbili. Alitaja moto wa Julai 2021, basi. Beda Amuli hakumtaja kabisa! Mtanzania huyu alichora soko lililofunguliwa 1975, lenye shimoni chini na zile nguzo za zege zilizochanua juu kama miavuli, akijenga pahala palepale wapagazi walipopiga kambi na Abdulwahid alipokuwa na ofisi. Kuhusu nyumba za Kiswahili, zenye baraza mbele na ukumbi katikati, sikutegemea aseme kitu. Zimebaki chache mno, na kila nikirudi nakuta nyingine imekuwa ghorofa la maduka ya simu.

Kwenye Noah yetu alikuwamo mama mmoja kutoka Muscat, mzaliwa wa hapa, aliyeondoka akiwa binti mdogo. Tukiwa kwenye foleni ya Uhuru aligonga kiti cha mbele akauliza, "Mwanangu, Mnazi Mmoja bado?" Kijana akajibu bila kugeuka, "Tumeshaupita, mama, ule pale nyuma." Mama akageuza shingo. Nyuma yetu palikuwa na basi.

Jioni nilimpigia mama huyo simu. Akanieleza kwamba baba yake alikuwa karani katika duka la Uhindini, akitoka Kariakoo kila asubuhi kwa miguu, na alikuwa na mazoea ya kuhesabu hatua tangu anapoingia uwanja mpaka anapoutoka. Baba alimwambia idadi yake. Mama alitaka kuipima kwa miguu yake.

Jumapili saa moja na nusu tulikutana Mnara wa Saa. Mitaa ilikuwa mitupu. Tulivuka Bibi Titi, naye akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza. Nilikaa nyuma yake hatua tano nisimvuruge. Katikati alisimama, akapumua, akaendelea. Tulipofika ukingo wa Lumumba alinigeukia akaniambia alipofikia na alipofikia baba yake, akaniomba nisiziandike namba hizo.