Sindano Gerezani

Watu wengi hudhani kwamba kutarizi ni kazi ya kupitishia wakati tu, wala haistahili kuhakikiwa kama shairi. Basi tutazame kazi moja ya sindano, tuone kama dhana hiyo yasimama.

Singapore ilitekwa na Wajapani tarehe 15 Februari 1942. Wanawake na watoto zaidi ya 400 walifungwa katika gereza la Changi, mbali na waume zao, na wengi hawakujua kama wenzao wangali hai. Ndipo bibi mmoja Mkanada, Ethel Mulvany, alipotoa shauri la kushona mifarishi, yaani matandiko yaliyoungwa kwa vipande vya nguo, kwa ajili ya majeruhi hospitalini. Kila mwanamke alipewa kipande, akaambiwa atie humo kitu cha nafsi yake, pamoja na jina lake. Ilishonwa mifarishi mitatu, kila mmoja una vipande 66: wa Waingereza, wa Waaustralia, na wa Wajapani.

Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba maua yaliyotariziwa humo ni ya kawaida. Ni kweli. Lakini tazama kando ya ua: pana jina. Mume aliyelisoma alijua kwamba mkewe yu hai. Sisi wenye kanga hatuhitaji kufundishwa kwamba nguo husema. Ila maneno ya kanga huchapwa kiwandani, na haya yalitoka katika mkono wa mwenyewe.

Mfarishi wa tatu ndio mgumu kuuhukumu. Nyuma yake yameshonwa maneno ya kuwahurumia Wajapani waliojeruhiwa. Je, ilikuwa hila ya kuwalainisha walinzi ili ile miwili ipite? Yamkini. Walakini hila ingetosheka na kazi ya kulipua, na kazi hii haikulipuliwa. Naona kwamba hila na huruma zaweza kukaa katika mshono mmoja.

Nyuma ya mfarishi wa Waaustralia, ambao leo umehifadhiwa Canberra, limeshonwa pia shauri kwamba ni vema usafishwe pasipo maji. Katika maneno yote ya mifarishi ile, hayo ndiyo yanipendezayo zaidi. Kwa kuwa yasema, bila kujigamba, kwamba vita vitakwisha, na atakuwapo mtu wa kuitunza nguo.